Vitabu vyenye jina la mteja: uchapie Arusha, Dar es Salaam au nje ya nchi?

Mtu akitaka kuuza vitabu vinavyochapwa kwa oda, kila nakala ikiwa na jina la mtoto, picha za ubatizo au safari ya mlimani, swali lake la kwanza huwa ni tovuti aifungulie wapi. Mimi namshauri aanze na jingine: atakayekishika hicho kitabu anaishi wapi? Akiwa Sakina au Njiro za Arusha, Majengo au Rau za Moshi, njia yako ni moja. Akiwa Hamburg au Toronto, alikorudi baada ya kushuka Kilimanjaro, mashine zinabadilika, malipo yanabadilika, na tovuti nayo inabadilika. Wengi wanaoanza hutaka kuwahudumia wote wawili kwa mpango mmoja, na hapo ndipo faida inapopotelea.

Nina upande wangu katika jambo hili, na utauona. Natamani kuona watoto wa huku wakifungua kitabu cha Kiswahili na kukuta humo jina Aikande au Naserian, limeandikwa sawasawa, juu ya karatasi nzuri. Lakini hesabu nimezipanga ili hata mwenye wateja wa ng'ambo peke yake azitumie.

Kwa nini nakala moja ni kazi tofauti

Ofseti, yaani uchapaji wa viwandani wa nakala nyingi, inataka plati, bamba la chuma lenye umbo la ukurasa. Gharama ya kutengeneza plati na kuiweka mashine tayari ni ileile, uchape nakala moja au elfu moja, ndiyo maana kiwanda hukuuliza idadi kabla ya kitu kingine chochote. Mashine ya dijitali haina plati: nakala ya kwanza na ya mia zinagharimu sawa, na kila moja inaweza kuwa na maneno yake. Kitabu chenye jina la mtu ni kazi ya dijitali, basi. Ofseti nitairudia kwa sababu moja tu, maana ipo namna ya kuitumia ambayo wengi hawaijui.

Kuchapia hapa hapa

Steshenari zenye mashine kubwa za rangi zipo katikati ya mji, Arusha na Moshi. Usianze kwa kuuliza bei. Uliza kwanza mashine yao inapokea karatasi ya ukubwa gani, kwa sababu bei yenyewe inategemea jibu hilo.

Chukua kitabu cha A5 chenye kurasa 24. Ukikichapa kwenye A4 zinazokunjwa katikati, unahitaji karatasi sita zilizochapwa pande zote mbili, yaani nyuso 12. Isitoshe, printa nyingi za A4 haziwezi kuchapa mpaka ukingoni, kwa hiyo kila picha itazungukwa na mstari mweupe. Mashine inayopokea SRA3, milimita 450 kwa 320, inabeba kurasa nne za A5 kila upande. Kitabu kilekile kinaingia kwenye karatasi tatu, nyuso sita, na pembeni kunabaki nafasi ya kukata, kwa hiyo rangi inafika mwisho wa ukurasa kama vitabu vya dukani. Fundi wako apeleke faili yenye milimita tatu za ziada kila upande kwa ajili ya kisu. Usipoziacha, kosa dogo la kukata litaonyesha weupe.

Hesabu nayo iende hivi. Tarakimu hizi ni za mfano, weka za duka lako. Tuseme uso mmoja wa A4 wa rangi ni shilingi 500: nyuso 12 ni 6,000. Jalada la karatasi nene pamoja na kulamineti, 2,000. Pini na kukata, 1,000. Umefika 9,000 kabla ya bodaboda, bahasha, makato ya malipo na zile nakala zitakazoharibika. Ukiuza kwa 15,000 utahangaika, kwa sababu nakala moja ikirudiwa inakula faida ya nyingine. Ukiuza kwa 25,000 una nafasi ya kurudia iliyoharibika bila kugombana na mtu, ila kitabu chenyewe kiwe kinastahili bei hiyo. Ndiyo maana nasisitiza karatasi: ndani weka ya gramu 130 au 150. Ile ya gramu 80 ya fotokopi inaonyesha picha ya upande wa pili, na mzazi aliyetoa hela nzuri ataliona hilo kabla hajasoma neno.

Kwa kurasa 24, pini mbili katikati zinatosha na zinadumu. Gundi ya mgongoni inataka kitabu kinene. Kikiwa chembamba, mgongo hauna pa kushikia na kurasa huanza kuchomoka mtoto akikifungua kwa nguvu. Kumbuka pia kwamba kitabu cha pini lazima kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa nne.

Sasa ile namna ya ofseti. Katika kitabu cha pini cha kurasa 24, karatasi ya nje kabisa hubeba ukurasa wa 1, 2, 23 na 24. Karatasi ya katikati kabisa hubeba wa 11, 12, 13 na 14. Ukiitunga hadithi yako ili jina la mtoto litokee kwenye kurasa hizo nane tu, karatasi nne zilizobaki zinafanana kwa watoto wote. Hizo unaweza kuzichapa kwa ofseti mamia kwa mara moja, ukazitunza mahali pakavu, na oda ikija ukachapa kwa dijitali karatasi mbili na jalada. Na ukurasa wa 12 na 13 viko kwenye uso mmoja, kwa hiyo picha ya kutawala kurasa mbili, yenye jina kubwa, haitakatwa na mshono. Gharama ya nakala inashuka sana. Tatizo ni kwamba rangi ya wino wa ofseti na ya poda ya mashine ya dijitali hazifanani kabisa, hivyo chora kurasa za jina kwa mandhari tofauti, usiku kwa mfano, ili jicho lisilinganishe. Njia hii isubiri mpaka hadithi imethibitika kwamba inauzika, kwa kuwa ukishachapa mamia huwezi tena kurekebisha sentensi.

Uzuri mkubwa wa kuchapia hapa ni kwamba unakiona kitabu kabla mteja hajakiona. Unasimama kaunta, unafungua kila ukurasa, na rangi ikiwa imefifia unasema pale pale.

Kuchapia Dar es Salaam

Faida yake ni jalada gumu, gundi ya kiwanda na mashine nyingi za kuchagua. Faili unatuma leo, mzigo unapanda basi, unaupokea kwenye ofisi ya basi. Kwa albamu ya harusi au kitabu cha historia ya ukoo chenye kurasa mia na zaidi, ningeenda Dar bila kusita. Kwa kitabu cha mtoto cha pini, nauli ya mzigo na siku za kusubiri hazina sababu, na kikija kimekosewa unaanza upya.

Printa yako nyumbani

Printa za wino wa tangi zimeshusha gharama ya ukurasa, na kwa kutengeneza sampuli zinafaa sana. Kuuza ni jambo jingine. Wino mwingi wa printa hizi ukipata maji unatawanyika, na mtoto wa miaka minne ana mikono ya maji siku nzima. Ukiongeza muda wa kugeuza karatasi, kukunja, kupiga pini kwa stepla ndefu na kukata kwa rula, oda kumi za wiki moja zinakumaliza.

Kampuni za nje zinazochapa nakala moja moja

Hapa watu huchanganya huduma mbili zisizofanana, na kuchanganya huko kunagharimu.

Amazon KDP, huduma ya Amazon ya kuchapisha vitabu, inachapa kitabu pale mnunuzi anapoagiza, ndiyo, lakini kila kitabu ni bidhaa yake yenye ukurasa wake dukani, na kabla ya kuuzwa kinakaguliwa, ukaguzi unaoweza kufika saa 72. Kitabu cha mtoto mmoja kingewekwa hadharani kwa dunia nzima na jina lake jaladani. Hakuna mzazi anayetaka hivyo. KDP inafaa kwa toleo la kawaida la hadithi yako, lisilo na jina la mtu, lenye kurasa zisizopungua 24 kwa jalada jepesi au 75 kwa jalada gumu. Likiuzika, ni tangazo la lile lenye jina.

Lulu, kampuni ya uchapaji iliyoanza mwaka 2002, inafanya kazi kwa mpangilio mwingine. Unaweza kuipelekea faili mpya kwa kila oda, ikachapa nakala moja na kuituma moja kwa moja kwa mteja, kwa mitambo iliyo Marekani, Uingereza, Australia na kwingineko. Mgeni aliyerudi London anapokea kitabu kilichochapwa karibu naye. Linganisha na kuchapa Arusha halafu kukituma kwa ndege: gharama ya kurusha kifurushi kimoja inaweza kuzidi bei ya kitabu chenyewe, na hapo biashara haipo.

Jambo la kuangalia: kiunganishi chao cha kawaida kwa WooCommerce na Shopify, mifumo ya kuendesha duka la mtandaoni, hufunga bidhaa moja na faili moja. Jina likibadilika kila oda, unahitaji programu inayozungumza na mfumo wao moja kwa moja, na hiyo ni kazi ya fundi anayelipwa. Lakini huhitaji kuanza hivyo. Oda zikiwa chache kwa wiki, unapokea jina kwenye tovuti yako, unaandaa faili mwenyewe, unaingia Lulu, unaagiza nakala moja kama mnunuzi na kuandika anwani ya mteja wako. Dakika chache kwa kila oda. Fundi atafutwe siku dakika hizo zitakapokuwa mzigo.

Kasoro ya njia hii ni moja, nayo nzito: hukioni kitabu. Agiza nakala ya kwanza ije kwa mtu unayemwamini katika nchi unayouzia, akupigie video akikifungua ukurasa kwa ukurasa.

Hela inaingiaje

Kwa mteja wa Tanzania hakuna mjadala. Lipa kwa simu: M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money, HaloPesa. Mwanzoni lipa namba yako kwenye ukurasa wa oda inatosha, na baadaye unaweza kuunganisha kampuni za malipo kama Selcom, AzamPay au ClickPesa ili tovuti ijue yenyewe kwamba malipo yamefika. Malipo yatangulie uchapaji. Kitabu kilichoandikwa jina la Eliamringi hakina mnunuzi mwingine duniani, na mteja anayekuambia atalipa akipokea umweleze hivyo kwa upole.

Kwa mteja wa nje mambo yanakaza. Kampuni mbili za malipo ya mtandaoni zinazotajwa sana hazikusaidii: Stripe haifungui akaunti za biashara za Tanzania, na PayPal ya Tanzania inalipa ila haipokei. Video nyingi za mtandaoni kuhusu biashara hii zimetengenezwa na watu wa Marekani na Ulaya, na zinachukulia kwamba unazo zote mbili. Zilizo wazi kwako ni kampuni zinazopokea kadi huku kwetu, kama Pesapal na DPO, ambazo kampuni za utalii za Arusha zimezizoea miaka mingi.

Kuna mlango mwingine ninaoupenda zaidi. Muuzie wakala wa safari badala ya mgeni. Kampuni inayopandisha wageni Kilimanjaro kwa njia ya Machame au Lemosho inaweza kukununulia kitabu kama zawadi kwa mteja wake: picha za safari, jina lake, kambi alizolala, siku aliyofika kilele cha Uhuru kwenye mita 5,895, na majina ya wapagazi na waongozaji waliompeleka. Wakala anakulipa kwa shilingi, hapa hapa, na wewe unaagiza uchapaji nje kwa kadi ya benki iliyofunguliwa malipo ya mtandaoni. Umeliruka tatizo la kupokea kadi za wageni, na umepata mteja anayerudi kila msimu. Majina ya wapagazi yasiachwe. Wao ndio waliobeba mahema.

Tovuti

Niseme kwa kifupi kwa kuwa uchaguzi huu ni mwepesi kuliko unavyosemwa. Shopify ni rahisi kuendesha, lakini inalipiwa kwa dola kila mwezi, na kwa sababu huduma yake yenyewe ya malipo haipo Tanzania, kifurushi cha Basic kinakata asilimia mbili ya ziada kwa kila mauzo yanayopitia kampuni nyingine. WordPress yenye WooCommerce na jina la .co.tz inahitaji uvumilivu wa kuijenga, ila ni yako na inaunganika na malipo ya hapa. Kwa mwenye wateja wa Arusha na Moshi peke yake, ukurasa mmoja mzuri wenye picha za vitabu halisi, fomu ya oda na kitufe cha WhatsApp unatosha kwa muda mrefu. Ningeweka hela iliyobaki kwenye karatasi bora.

Jina lenyewe

Wengi hulifikiria hili mwisho, nami nadhani ndilo linaloamua kama utadumu. Mteja atakusamehe ukichelewa siku moja. Ukikosea jina la mwanawe, hatakusamehe.

Majina ya kwetu yana urefu na alama ambazo violezo vya nje havikupangiwa. Ndeshimuni haliingii mahali palipopimwa kwa ajili ya Tom. Saning'o lina alama ambayo baadhi ya fonti za mapambo hazina, na pale inapokosekana hutokea kisanduku tupu au pengo. Chagua fonti baada ya kuijaribu kwa majina hayo, kisha tengeneza kiolezo chenye nafasi ya herufi 14 walau, pamoja na toleo lenye herufi ndogo zaidi kwa majina yanayozidi hapo.

Kwenye fomu, mteja aandike jina mwenyewe, usimwandikie kwa kusikiliza simu. Kisha mtumie picha ya jalada na ya kila ukurasa wenye jina, naye ajibu kwa maandishi kwamba ni sawa, ndipo uchape. Hatua hii inafanana kwa njia zote nne, lakini ina uzito mara mbili ukichapia nje, kwa sababu kosa litagunduliwa kitabu kikiwa tayari kimevuka mpaka.

Hadithi ya Kiswahili ina nafuu moja kubwa hapa: sentensi ya "alipanda, akacheka, akamwita mama yake" inamfaa msichana na mvulana bila kugusa neno. Anayeuza kwa Kiingereza analazimika kuwa na maandishi mawili na kuyahakiki yote. Unachobadilisha wewe ni michoro.

Kuhusu picha, mwombe mteja asizitume WhatsApp kama picha za kawaida, kwa kuwa zinabanwa. Atume kama dokumenti. Picha ya kujaza ukurasa wa A5 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 1,748 kwa 2,480, na iliyobanwa haifiki hapo. Kwenye simu itapendeza, kwenye karatasi itakuwa na ukungu.

Kuziandaa faili, oda chache zinaweza kufanywa moja moja kwenye Canva, programu ya usanifu ya mtandaoni. Zikiongezeka, InDesign, programu ya kupanga kurasa za vitabu, inasoma orodha ya majina kutoka jedwali na kujaza kila kitabu yenyewe. Hata hivyo kagua kila faili kwa macho.

Taarifa za watoto

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za watoto imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Wewe unayekusanya jina, umri na picha ya mtoto unahusika, hata kama tovuti yako ni ndogo, na usajili unafanyika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Omba ridhaa ya mzazi kwenye fomu, eleza picha zitatumika kwa nini, na uzifute baada ya kitabu kupokelewa. Usiweke jalada lenye jina na sura ya mtoto kwenye ukurasa wako wa matangazo kwa sababu tu limependeza.

Hili pia linatofautisha njia. Ukichapia Arusha, faili inakwenda kwa steshenari kwenye flashi na unaweza kusimama pale mpaka ifutwe kwenye kompyuta yao. Ukichapia nje, taarifa za mtoto zinavuka mpaka, na sheria ina masharti yake kwa hilo. Kwa vitabu vya watoto, naona sababu hii peke yake inatosha kuegemea hapa nyumbani. Vya wapanda mlima, ambao ni watu wazima waliotoa picha zao wenyewe, viende nje kwa wasiwasi mdogo zaidi.

Ningechagua nini

Mwalimu au mama wa nyumbani mwenye hadithi nzuri na mtaji mdogo: steshenari ya SRA3, kitabu cha pini, ukurasa mmoja wenye WhatsApp, lipa namba. Aliye na uhusiano na kampuni za utalii: Lulu kwa mkono, malipo kupitia wakala, tovuti ya Kiingereza. Mpiga picha wa harusi na kipaimara: Dar, jalada gumu, na bei inayolingana. Asiwepo anayeanza na mbili kwa pamoja.

Kwa mtu wa Moshi kuna bidhaa moja zaidi ambayo haijashughulikiwa ipasavyo: kitabu cha ukoo. Desemba Wachaga wanarudi nyumbani kutoka kila pembe, na ukoo mzima unakaa kihamba kimoja, yaani shamba la ukoo, kwa siku chache. Nakala thelathini au hamsini za kitabu kilekile, zenye majina ya mababu, picha za wazee na jina la kila familia kwenye jalada la nakala yake. Idadi hiyo bado ni ya dijitali, jalada tu ndilo linalobadilika, na anayelipa ni mmoja kwa niaba ya wote. Kazi kubwa iko kwenye kukusanya majina kutoka kwa wazee, kwa hiyo anza kuchukua oda mwezi wa nane, funga kupokea picha mwishoni mwa Oktoba, peleka Dar wiki ya pili ya Novemba. Baada ya tarehe 10 Desemba usipokee oda ya Krismasi, kwa sababu mabasi yanajaa mizigo na steshenari zinajaa kalenda na kadi.